Kihisi cha Friji ya Tatu

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, nilikuwa nimesimama katika chumba cha chanjo cha zahanati moja ndogo mtaani Umoja, Nairobi, simu mkononi, na simu hiyo, ikisoma kihisi cha joto nilichokifunga ndani ya friji ya tatu, ilikuwa ikiniambia kwamba friji hiyo ina nyuzi 4.6. Sista aliyekuwa mbele yangu hakujisumbua kuitazama. Alifungua mlango wa friji, akachomoa kipimajoto cha kioo kinachoning'inia kwenye waya wa rafu, akanisogezea mpaka karibu na pua.

Nyuzi 11.

"Fundi," akasema, "hicho chako kinapima friji ya nani?"

Chanjo zenyewe hazikuwamo tena. Alikuwa amekwisha kuzihamishia katika kasha baridi kabla sijafika, kwa sababu yeye huanza kazi kwa kusoma kipimajoto cha kioo na wala si kwa kufungua programu yangu. Alichukua chupa moja akanionyesha alama iliyo kwenye lebo yake: mraba mdogo ndani ya duara. Mraba huo huingia weusi kidogo kidogo kadiri chupa inavyopata joto, na ukishaingia weusi haurudi nyuma. Ukilingana rangi na duara, chupa hiyo hutupwa. Huu ulikuwa bado mweupe kuliko duara lake.

Kisha akafungua kifuniko cha betri cha kihisi changu kwa ukucha, akaitoa betri, akahesabu mpaka kumi kwa sauti ya chini, akairudisha. Haikupita dakika moja, simu yangu ikasema 11.

"Ndivyo ninavyokifanya kila mara," akasema. "Nimeandika kwenye daftari."

Nilishukuru, nikaahidi kulishughulikia, nikaondoka bila kuliomba daftari. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonisumbua kwa wiki sita, na ndilo limenifanya niandike makala haya.

## Kukatika si kutorudi

Mpango wenyewe ni wa kawaida. Vihisi vitatu vya joto, kimoja katika kila friji, vinazungumza kwa Bluetooth ya nishati ndogo na kisanduku cheupe kilichopachikwa ukutani karibu na mapokezi, na kisanduku kinapeleka vipimo kwenye intaneti kupitia ruta ya zahanati. Vihisi nilivinunua vikiwa tayari. Programu ya kisanduku, pamoja na ile ya simu inayochora grafu, niliziandika mwenyewe kwenye meza yangu ya kazi, ghorofa ya tatu, Luthuli Avenue, na kwa hiyo hakuna mwingine wa kulaumiwa katika yatakayofuata.

Nilianza na mawimbi, kwa kuwa mawimbi ndiyo ninayoyajua. Friji ni sanduku la bati. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapenyi bati. Hutoka kwa kujipenyeza kwenye mpira wa mlango na popote palipo na mwanya, na friji ya chanjo ina maji ndani yake, vile vifuko vya maji vilivyopangwa ukutani, ambavyo navyo hunyonya mawimbi hayo. Nje ya friji kuna ruta ya zahanati, na juu yake kuna ghorofa nne za wapangaji, kila nyumba na Wi-Fi yake. Kihisi kinapojitangaza ili kitafutwe hutumia njia tatu tu kati ya 40, yaani za megahezi 2402, 2426 na 2480, ambazo ziliwekwa kwa makusudi pembezoni mwa njia za 1, 6 na 11 zinazotumiwa sana na Wi-Fi. Hiyo ni hesabu nzuri kwenye karatasi. Mtaani Umoja kuna ruta zilizojichagulia njia ya 3 na ya 4, wala hazikumwuliza mtu.

Nikakihamisha kisanduku kutoka mapokezi hadi mlangoni pa chumba cha chanjo. Nguvu ya mawimbi ya kihisi cha tatu ilipanda kutoka −88 dBm hadi −72. Nikaangalia pia mipangilio ya muunganisho na kuikuta ya ubahili mno: kihisi kilikuwa na miadi na kisanduku kila sekunde moja, kikiruhusiwa kuruka miadi minne mfululizo ili kuokoa betri, na kisanduku kilitakiwa kungoja sekunde 12 tu kabla ya kutangaza kwamba mwenzake amepotea. Kanuni inadai muda huo wa kungoja uzidi mara mbili ya kipindi chote cha kunyamaza, ambacho hapa ni sekunde tano, kwa hiyo chini ya 10 isingekubalika. Mimi nilikuwa nimeweka 12, sawa na mtu anayevuka Jogoo Road gari likiwa hatua mbili kutoka alipo. Nikapandisha hadi 30. Mwisho wake ni 32.

Kukatika kulipungua kutoka makumi kwa siku hadi mara mbili tatu. Nilifurahi sana.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo Sista alinipigia simu. Kihisi cha tatu kimelala tena, na yeye ametoa betri tena.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimetibu ugonjwa mwingine. Kihisi kukatika ni jambo la kila siku, mlango ukifunguliwa au mtu mnene akisimama katikati, na kwa kawaida kikikatika hurudi chenyewe baada ya sekunde chache bila mtu kujua. Shida ya friji ya tatu ilikuwa kutorudi. Nilikuwa nimepunguza safari za kwenda nje, huku mlango wa kurudia ndani ukiwa bado umefungwa, na sikujua nani ameufunga.

## Betri, halafu saa

Nilimshuku betri kwa sababu dawa ya Sista ilikuwa ya betri. Kihisi kinatumia ile ya duara, CR2032, ya volti 3, ambayo ikiwa mpya hubeba takriban miliampia-saa 220. Inapopata baridi ukinzani wake wa ndani hupanda, na kihisi kinapotuma ujumbe huvuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zikadidimia kwa muda mfupi sana ambao kipima umeme cha kawaida hakiuoni. Zikididimia vya kutosha, chipu hujizima na kuanza upya. Maelezo hayo yalinipendeza mno. Yalikuwa na baridi, yalikuwa na betri, na yalikuwa ya kweli kwa vifaa vingine nilivyowahi kutengeneza.

Nikapeleka betri mpya. Kihisi kikarudi mara moja, kikakaa siku nne bila kosa. Nikaandika kwenye orodha yangu ya kazi: imekwisha.

Siku ya tano kikalala.

Nilipofika, Sista alikuwa na wagonjwa, akaniambia nijihudumie. Nikiwa nachokora kifuniko, akasema bila kugeuka, huku akiandika kadi ya mtoto: "Hata si lazima uweke mpya. Ukirudisha ileile kinaamka."

Nilisikia. Sikuelewa nilichosikia mpaka nikiwa ndani ya matatu, karibu na Makadara. Kama betri ileile inakiamsha, basi betri haijawahi kuwa na tatizo. Kilichokuwa kikitibu ni kule kuiondoa. Kukosa umeme kwa sekunde kumi kulikuwa kunafuta kitu fulani ndani ya kihisi, na bila kitu hicho kihisi kilikuwa kizima kabisa.

Kwa hiyo kihisi kilikuwa kinakumbuka jambo ambalo lilikuwa linakidhuru.

Ningeshika uzi huo palepale ningemaliza kazi siku hiyo. Badala yake nilijipa kazi ya saa. Kila kihisi kina fuwele ndogo inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na ndiyo inayokiambia wakati wa kuamka kwa ajili ya miadi. Fuwele hizo hukatwa ziwe sahihi kwenye nyuzi 25. Ukisogea upande wowote, joto au baridi, huchelewa, na kuchelewa huko hukua kwa kipeo cha pili cha tofauti ya joto. Nilitumia Jumapili nzima kupiga hesabu. Kwenye nyuzi 5 fuwele huchelewa kama sehemu 14 kwa milioni. Katika sekunde tano za kunyamaza, hiyo ni mikrosekunde 70. Kihisi kilikuwa kimejitangaza kuwa saa yake inaweza kupotoka hadi sehemu 50 kwa milioni, yaani mikrosekunde 250 kwa muda huohuo, na pande zote mbili hupanua dirisha la kusikiliza kulingana na tangazo hilo. Nafasi ilikuwepo tele. Saa haikuwa na hatia, na hata ingekuwa nayo, ingesababisha kukatika tu, isingezuia kurudi. Nilikuwa nimerudi kulekule kwenye swali nililokwisha kulijibu, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa tamu.

Nilikipeleka kihisi cha aina hiyohiyo nyumbani, nikakiweka ndani ya friji kando ya pakiti za maziwa, na kisanduku kingine cha majaribio juu ya kabati. Kwa siku nane nilikuwa nafunga na kufungua, nikizima kisanduku kila usiku kabla ya kulala na kukiwasha asubuhi. Kilirudi kila mara. Kila mara kabisa. Nilianza kufikiri, na naona aibu kuliandika hili, kwamba labda kuna mtu pale zahanatini anayekichezea.

## Namba 8 na namba 19

Muunganisho unapovunjika, kisanduku huandika namba ya sababu. Namba 8 maana yake muda wa kungoja umekwisha na mwenzako hajasikika. Namba 62 maana yake mlijaribu kuanza kuzungumza, mkashindwa hata kusalimiana. Namba 19 maana yake upande wa pili umekata kwa hiari yake.

Miaka miwili iliyopita, nilipokuwa naandika programu ya kisanduku, namba 19 zilikuwa zinanichosha. Kila nilipozima kihisi mezani, ilitokea. Haikuwa kosa; ilikuwa adabu, kihisi kikisema kwaheri kabla ya kuondoka. Kwa hiyo niliamuru ripoti ya kila asubuhi iache kunitajia namba 19. Inipe za 8 na za 62 tu, zile zenye sura ya kosa.

Wiki zote hizo nilikuwa nasoma ripoti hiyo.

Na logi kamili, yaani orodha ya kila tukio ambayo kisanduku hujiandikia, nayo ilikuwa na hila yake. Kisanduku hakina betri ya saa. Stima ikipotea kinazima, na kikiwaka tena hudhani ingali dakika ileile kilipozimika, mpaka intaneti irudi na kukirekebisha. Ukiisoma logi haraka huoni kwamba kuna usiku mzima uliopotea katikati ya mistari miwili. Unaona kipimo cha saa kumi na moja na dakika nne jioni, na mstari unaofuata una dakika hiyohiyo, kama vile hakuna kilichotokea. Kukatika kwa stima, jambo ambalo kila mkazi wa Nairobi angelitaja la kwanza, lilikuwa limefutika katika maandishi ya mashine yangu.

Lakini lilikuwa limeandikwa mahali pengine.

## Daftari

Ni daftari la kurasa 96, lenye jalada la bluu, la mtoto wa shule, na limefungwa kalamu kwa uzi. Nililiomba katika wiki ya tano. Sista alilitoa chini ya kadi za chanjo, akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja sherehe ikiwa imekwisha.

Kuna mistari miwili ya kipimajoto kila siku, asubuhi na jioni, kwa kalamu ya bluu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kuna maneno mafupi. "Betri F3." "Stima ilienda saa 2 usiku, ikarudi saa 4." "Betri F3." Saa za usiku huambiwa na mlinzi wa lango, ambaye hukesha na redio yake na hujua dakika ambayo redio ilinyamaza.

Nilipiga picha kurasa zote, nikakaa ngazini na kuanza kuhesabu. Kulikuwa na "Betri F3" tisa. Juu ya kila moja, jioni iliyotangulia au usiku wake, kulikuwa na neno "stima". Nikatafuta usiku wa stima ambao haukufuatwa na betri. Haukuwepo.

Mara tisa kwa tisa, kwa wino mwekundu, tangu kabla sijapandisha ngazi kuja kupima mawimbi.

Nikarudi Luthuli, nikaoanisha kihisi kipya na kisanduku cha majaribio, nikasubiri vipimo vitatu, halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya nyumbani hata mara moja, kwa kuwa mimi ni mtu ninayezima vifaa kwa utaratibu. Nilichomoa plagi.

Nilipoirudisha, nikaifungua logi isiyochujwa. Kisanduku kilikitafuta kihisi, kikakisikia, kikaunganika nacho. Namba 19. Baada ya sekunde mbili kikaunganika tena. Namba 19. Tena. Namba 19, ukurasa baada ya ukurasa, hodi na kukatwa, hodi na kukatwa, na kila hodi ikila betri.

## Nani amesahau

Vifaa viwili vinapooanishwa hupeana ufunguo wa siri, na kila kimoja huweka nakala yake. Vikikutana tena havianzi upya. Kila kimoja humtambua mwenzake kwa ufunguo ule, na mazungumzo hufungwa kwa huo. Kihisi huweka nakala yake katika kumbukumbu inayodumu maadamu kuna betri. Kisanduku huweka ya kwake katika faili kwenye kadi ya memori.

Ndivyo nilivyoamini. Nikafungua programu yangu mwenyewe na kuisoma kama ya mtu mwingine. Faili hilo lilikuwa linaandikwa, kwa mkono wangu, mara moja tu: kisanduku kinapozimwa kwa utaratibu. Kabla ya hapo orodha ya funguo ilikuwa inaishi katika kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea stima inapokatika. Nakumbuka hata sababu. Nilitaka kadi isiandikwe mara kwa mara ikachakaa.

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake. Vihisi viwili vya kwanza niliviunganisha hapa mezani, nikazima kisanduku kwa kitufe, nikakifunga kwenye karatasi na kukipeleka Umoja; funguo zao zilikuwa zimeandikwa. Cha tatu kilikuja baadaye, zahanati iliponunua friji ya tatu, na nilikioanisha palepale, kisanduku kikiwa ukutani. Tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyewahi kukizima kisanduku hicho. Kimezimwa na stima peke yake. Kila kilipowaka kilikuwa kimesahau kwamba kiliwahi kumjua kihisi cha tatu, nacho kihisi kilikuwa kinakumbuka vizuri sana. Neno letu la kuoanisha linabeba picha yenyewe: ndoa ambayo mmoja ana cheti na mwenzake anadai hajawahi kumwona.

Kisanduku kilipobisha bila ufunguo, kiliomba kuoana upya. Kihisi kikakataa na kukata. Nilikaa na jambo hili muda mrefu kuliko mengine yote, kwa sababu silika yangu ya kwanza ilikuwa kukilaumu kihisi kwa ukaidi. Lakini kihisi kilikuwa sahihi. Kama kingekubali kila anayesema "mimi ndiye yule wa jana, nimepoteza ufunguo tu", basi mtu yeyote mwenye simu ghorofa ya juu angeweza kujifanya kisanduku. Kati ya vifaa viwili na fundi mmoja, kihisi ndicho peke yake kilichofanya kazi yake kama ilivyoandikwa.

Na dawa ya Sista iliponya kwa kukisahaulisha kihisi nacho. Vikiwa vimesahauliana sawasawa, vilioana upya bila shida, mpaka stima ya usiku unaofuata.

Kuna bei ambayo hakuna aliyeijua. Kihisi hiki huhifadhi ndani yake vipimo vya siku moja nyuma, 288, kimoja kila dakika tano, ili kikirudi kivikabidhi. Vinakaa katika kumbukumbu ileile ya ufunguo. Kila asubuhi betri ilipotolewa, usiku wote uliopita ulifutwa. Jumatatu ile ya nyuzi 11, stima ilikuwa imekatika Jumapili jioni na kurudi saa tisa usiku, na kifaa kinacholinda friji ya tatu dhidi ya umeme wa ghafla hakikuuruhusu umeme kupita tena. Joto lilipanda mpaka wapi, na kwa muda gani? Kihisi kilikuwa na jibu kamili mpaka Sista alipohesabu kumi. Kilichobaki kutueleza ni ule mraba mdogo kwenye lebo, usio na betri, usio na antena, na usiosahau.

## Marekebisho

Haya ni mafupi. Orodha ya funguo sasa inaandikwa mara tu vifaa vinapooanishwa: kwanza kwenye faili la pembeni, programu ikilazimisha maandishi yafike kwenye kadi yenyewe badala ya kubaki njiani, kisha faili hilo linachukua jina la lile la zamani, ili stima ikikatika katikati ya kuandika libaki faili moja lililo zima. Kihisi hakipigwi hodi kila baada ya sekunde mbili; kikikataa mara tatu, kisanduku kinatulia na kunitumia ujumbe. Namba 19 imerudishwa kwenye ripoti.

Nilichomoa plagi mara ishirini. Mara ishirini kilirudi. Mwanafunzi wangu wa kazi aliuliza kwa nini ishirini na si kumi, nami sikuwa na jibu la kifundi.

## Mstari mnyoofu

Bado sijaeleza ile 4.6.

Kisanduku kilikuwa kimezimika kuanzia Jumapili jioni, na kilipowaka hakikupata kipimo hata kimoja cha friji ya tatu. Simu yangu ilitakiwa kuonyesha pengo. Ilionyesha 4.6 kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoiagiza: kipimo kisipokuja, kirudiwe cha mwisho. Uamuzi huo niliufanya makusudi. Mteja wangu wa kwanza kabisa, mwenye bucha, alikuwa ananipigia simu kila alipoona grafu imekatika, hata kwa dakika kumi, akidhani mashine imekufa. Nilichoka kueleza. Nikaunganisha ncha za mstari, na simu zikakoma. Nilikihesabu kimya hicho kuwa ni sifa ya kazi yangu.

Siwezi kusema sikujua nilichokuwa nafanya. Nilijua kwamba ninachora kitu kisichopimwa. Sikudhani tu kwamba kuna siku mtu angekifuata.

Ubaya zaidi ni kwamba programu haikuchora tu, ilihifadhi. Ndani ya hazina ya data, 4.6 ya kweli na 4.6 ya kunakiliwa hazina tofauti, hakuna alama. Kwa siku kadhaa niliamini historia yote imeharibika, mpaka nilipoitazama grafu ya friji nzima kwa karibu. Friji inapumua. Mashine yake ikiwaka joto linashuka, ikizima linapanda, kutoka 4.1 hadi 5.3 na kurudi, kama kifua cha mtu aliyelala. Kipimo cha kweli hakikai kwenye tarakimu moja kwa saa nzima. Mahali palipo na 4.6, 4.6, 4.6 mara sitini mfululizo, hakuna friji iliyopimwa.

Nimeandika programu fupi ya kutafuta sehemu hizo, na grafu mpya ya zahanati sasa ina mapengo meupe, na chini ya kila kipimo pameandikwa kimepimwa dakika ngapi zilizopita. Mwenye zahanati aliponiuliza kwa nini kazi yangu ilikuwa nzuri zamani na sasa ina matundu, nilimweleza, na hakufurahi, na sikutarajia afurahi. Sista aliiangalia mara moja akasema kwamba heri sasa inafanana na daftari.

Usiku wa kuamkia jana stima ilikatika Umoja saa tatu kasoro. Ilirudi baada ya saa mbili na ushei, na kihisi cha tatu kilirudi chenyewe, kikakabidhi vipimo vyote vya muda wa giza. Friji ilikuwa imefika nyuzi 6.9. Asubuhi nilimwomba Sista anipigie picha ukurasa wake. Mlinzi alikuwa amempa saa zilezile.

Nina visanduku vingine kumi na kimoja mjini, vyote na programu ya zamani. Saba nimekwisha kuvibadilisha. Kwa vinne vilivyobaki nimeanza kwa kuipitisha ile programu fupi kwenye data yao, na jana jioni ilinirudishia mstari mmoja mnyoofu wa saa kumi na tatu, wa mwezi Machi, katika chumba baridi cha yule mwenye bucha ambaye kwa ajili yake niliunganisha ncha. Kesho asubuhi naenda kwake. Nimeichapa grafu hiyo kwenye karatasi, na sehemu isiyopimwa nimeipaka rangi nyekundu.